Hesabu lita kwanza: bustani ya mboga Dodoma wakati wa kiangazi

Anayetaka kulima mboga Dodoma wakati wa kiangazi huanza kwa kuulizia bei ya mipira ya dripu, yaani ya kumwagilia kwa matone. Bei ina wakati wake. Kinachotangulia ni kujua unapata lita ngapi kwa siku. Usihesabu lita za mwezi Mei kisima kikiwa kimejaa. Hesabu za Oktoba, kamba ya ndoo inapoongezwa urefu na foleni ya madumu inapoanza alfajiri. Ukipanga eneo kwa maji ya Mei, nyanya zitafika kwenye maua, zitafunga matunda, kisha zitakufia zikiwa bado mbichi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, kwa sababu milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo hakuna cha kutegemea kutoka juu, na kuanzia Agosti jua likisaidiana na upepo huvuta takriban milimita 6 kwa siku kutoka kwenye shamba lililofunikwa na majani mabichi. Nyanya yenye matunda huvuta zaidi kidogo: FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, huipa kizidisho cha 1.15 katika hatua hiyo, na 0.6 inapokuwa bado mche. Kwa hiyo 6 mara 1.15 ni lita 6.9 kwa kila mita ya mraba kwa siku, na hapo tunazungumzia maji yaliyokwishafika kwenye mizizi.

Kufika ndiyo shida. Makadirio ya kawaida ni kwamba ukimwagilia kwa mifereji, asilimia 60 ya maji ndiyo humfikia mmea. Ukinyunyizia juu ni 75. Ukitumia matone ni 90. Gawanya sasa. Kwa mfereji utahitaji lita 11.5 kwa mita ya mraba, kwa matone 7.7. Tanki la lita 1000 kwa siku litatosha mita za mraba 87 kwa njia ya kwanza na 130 kwa njia ya pili. Hiyo ni faida kubwa kwa mtu anayenunua maji, ila haifikii ahadi za mabango ya wauzaji kwamba utapunguza maji hadi sehemu ya kumi. Dripu haipunguzi kiu ya mmea. Inapunguza yale yanayopotea njiani tu. Kama mtu analima kwa mfereji mrefu kwenye kichanga, hasara yake ni kubwa kuliko makadirio hayo na ataokoa zaidi. Kama anamwagilia kwa kopo kwenye shina, mmea kwa mmea, tayari yuko karibu na dripu, na mipira itamwokoa mgongo kuliko maji.

Ndiyo maana fedha ya kwanza ningeiweka kwenye udongo na matandazo, halafu mipira.

Tuta la kuinuka ni la masika

Vitabu vingi vya bustani hufundisha kuinua tuta sentimita 20 au 30. Ni ushauri mzuri wa Lushoto au Rungwe, ambako maji mengi huozesha mizizi. Kiangazi cha Dodoma tuta lililoinuka hukauka kwa juu na kwa ubavuni pia, na maji ya kopo huteremka kwenye njia. Chimba kinyume chake: tuta la kuzama, upana mita 1 hadi 1.2 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, kina sentimita 15 hadi 20 chini ya njia. Udongo wa juu uuweke kando, tifua wa chini kwa jembe, changanya samadi iliyoiva nusu debe kwa mita ya mraba, kisha rudisha wa juu. Kingo za tuta zitakinga miche na upepo, na maji yakimwagwa yatabaki yalipo.

Samadi iwe imeiva kweli. Ya zizini moja kwa moja, hasa ya mbuzi na kuku, ina chumvi nyingi ya mkojo, na kwenye udongo ambao tayari una chumvi utaona ncha za majani zikiungua wiki ya pili. Na usizidishe: nusu debe inatosha.

Kabla ya kupandikiza, loanisha udongo hadi kina cha sentimita 30. Hiyo hula lita 20 hivi kwa mita ya mraba, yaani dumu moja. Watu hukwepa hatua hii kwa sababu inaonekana kama kupoteza maji. Kinyume chake ndicho kweli: mche uliopandwa juu ya udongo mkavu uliolowa sentimita 5 za juu tu hubaki na mizizi juu, na utakudai maji kila asubuhi na jioni hadi mwisho.

Upepo nao uhesabiwe. Uzio wa mabua ya mtama upande unakotoka upepo, ambao Dodoma kiangazi ni mashariki na kusini-mashariki, hupunguza kasi yake kwa umbali unaofikia hata mara kumi ya urefu wa uzio. Uzio wa mita 1.5 ukinge tuta za mita 15, basi. Usiufanye ukuta usiopitisha hewa. Upepo huruka ukuta na kuanguka kwa kishindo upande wa pili, lakini mabua yenye nafasi huuchuja.

Matandazo

Ukiangalia maji yanapopotelea, utaona matandazo yana kazi kubwa mwanzoni kuliko mwishoni. Wiki tatu nne za kwanza mmea una majani machache, ardhi kati ya miche iko wazi, na jua hunyonya maji moja kwa moja kutoka udongoni. Nyanya zikishafunika tuta, majani yenyewe ndiyo yanayotoa maji, na matandazo huokoa kidogo tu. Kwa hiyo anayesubiri nyanya zikue ndipo atandaze amechelewa kwenye faida yenyewe. Tandaza siku tatu hadi saba baada ya kupandikiza, mche ukishasimama, udongo ukiwa umelowa. Ukitandaza juu ya udongo mkavu umeufunga ukavu ndani.

Unene unaotakiwa ni sentimita 5 hadi 8 baada ya nyasi kutulia, na nyasi zilizotupwa leo hushuka karibu nusu ndani ya wiki mbili. Kwa nyasi kavu, kilo moja hadi moja na nusu kwa mita ya mraba ni kadirio la kuanzia. Bustani ya mita 120 itakula kilo 120 hadi 180, na hapo ndipo unapogundua kwamba matandazo si ya bure: mwezi Septemba ng'ombe wa jirani wanayataka mabua hayohayo. Kusanya mapema, Juni na Julai, baada ya mavuno ya mtama, uwele na alizeti, kabla hayajageuka kuwa malisho. Na uyafunike, maana mifugo iliyoachiwa haijui mpaka.

Mabua ya mtama na mahindi hudumu, ila yakatwekatwe vipande vya kiganja. Yakiwa mazima huacha matobo na panya hufanya makazi. Maganda ya karanga yanalala vizuri na hayapeperuki, lakini yasitoke kwenye shamba lililokuwa na ugonjwa wa kuoza shina wenye uzi mweupe na vijipunje kama haradali, kwa sababu kuvu huyo hushika karanga na nyanya vilevile. Maganda ya mpunga hupeperuka. Yawekwe chini, mabua juu. Nyasi zikatwe kabla hazijatoa mbegu. Ukoka na ndago usithubutu hata zikiwa zimekauka, maana kipande kimoja cha ukoka kikipata unyevu wa dripu kitakutawala. Majani ya mkaratusi yaache. Mabaki ya nyanya, bilinganya na hoho hayarudi kwenye tuta la nyanya. Na uliza kama nyasi zilipigwa dawa ya magugu: nyanya ni nyepesi mno kudhurika na dawa za aina ya 2,4-D, majani yake hujikunja na kurefuka kama vidole hata kwa kiasi kidogo kilichobaki kwenye nyasi.

Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka kila shina. Matandazo yaliyogusa shina hulilowesha saa zote, na shina laini la hoho huoza kwenye usawa wa ardhi.

Halafu kuna mchwa. Dodoma mchwa atakula matandazo yako, hilo lisikusumbue kichwa. Maadamu kuna makavu ya kula, mara nyingi huyaacha mashina mabichi, na vijia vyake hufungua ardhi iliyogandamana ili maji yaingie. Wakulima wa Burkina Faso hutumia samadi na majani kumwita makusudi kwenye mashimo ya zai, yaani mashimo ya kupandia yanayokusanya maji. Hatari huanza matandazo yakiisha na mmea ukiwa umenyauka, ndipo hugeukia mashina. Ongeza tabaka jipya kabla la zamani halijaisha, na changanya vipande vigumu vya mabua ambavyo humchukua muda mrefu.

Usichimbie matandazo makavu ardhini msimu ukiendelea. Vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni iliyo udongoni na mboga hugeuka njano. Yakibaki juu, tatizo hilo ni dogo sana.

Kosa jingine ni la wanaomwagilia kwa kopo au keni juu ya matandazo. Tabaka la sentimita 5 hadi 8 hulowa lenyewe kwanza, na lita chache za mwanzo huishia hapo na kukauka mchana. Funua kidogo karibu na shina, mwaga chini, funika. Au chomeka chupa ya plastiki iliyokatwa kitako karibu na kila mmea, mdomo chini, uwe unajaza humo.

Kwa mbegu zinazosiwa moja kwa moja, kama mchicha na karoti, tandaza nyasi nyepesi baada ya kusia, ondoa zote siku ya kwanza unapoona vichwa vikichomoza (mchicha ni siku 3 hadi 5, karoti huenda hadi wiki mbili), kisha rudisha kati ya mistari. Ukichelewa siku mbili kuondoa, miche inarefuka na kulala.

Karatasi za plastiki nyeusi zenye upande wa fedha ni nzuri kwa anayelima kibiashara, upande wa fedha ukiwa juu. Mwanga unaorudi hupunguza inzi weupe na vithiripi wiki za kwanza, na udongo haupati joto kama chini ya nyeusi tupu. Mpira wa matone lazima uwe chini yake, umejaribiwa kabla ya kufunika. Kwa bustani ya nyumbani siipendekezi: mwisho wa msimu vipande vyake hubaki vikipepea kwenye miiba ya kijiji kizima.

Mipira

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Tanki jeusi la lita 1000, kitako chake kiko mita 1.5 juu ya ardhi. Mistari 8 ya mita 15, umbali mita moja kati ya mstari na mstari, jumla mita za mraba 120. Mipira ya milimita 16 yenye matundu kila sentimita 30. Hapo una matundu 50 kwa mstari, 400 kwa bustani, na nyanya 400, kila moja na tundu lake.

Kwenye karatasi ya kiwandani utaona tundu hutoa, tuseme, lita 1.6 kwa saa. Hiyo ni kwa shinikizo la baa 1, yaani maji yaliyosimama mita 10 juu. Wewe una mita 2 hivi ukihesabu na maji yaliyo ndani ya tanki. Mtiririko hushuka kwa kipeuo cha pili cha shinikizo, kwa hiyo utapata lita 0.7 kwa saa. Matundu 400 yatatoa lita 280 kwa saa. Ili nyanya zenye matunda zipate lita 924 zinazohitajika (7.7 mara 120), koki ikae wazi saa tatu na dakika 18. Mtu anayefungua nusu saa kwa sababu aliambiwa dripu ni nusu saa anaipa kila nyanya theluthi moja ya lita wakati inataka 2.3. Kisha analaumu mbegu.

Jukwaa la tanki libebe tani moja, maana lita 1000 zina uzito wa kilo 1000 bila tanki lenyewe. Nguzo za miti zisizopakwa oili chafu huliwa na mchwa kwa ndani, nje zikionekana nzima. Tofali za kuchoma zilizojengwa kwa saruji, katikati umejaza mawe na kifusi kilichoshindiliwa, ni salama kuliko nguzo.

Kutoka tankini: koki ya inchi moja, kisha chujio la wavu au la diski la matundu ya mikroni 130, kisha bomba kuu la plastiki jeusi la milimita 32 linalokatisha upande wa juu wa tuta. Mdomo wa kutolea uwe sentimita 5 hadi 10 juu ya kitako cha tanki ili tope lituame chini yake. Bomba kuu litobolewe kwa keekee na ncha inayolingana na raba za konekta. Kutoboa kwa msumari wa moto kunatoa tundu la yai, na maji yatavuja hapo hadi utakapong'oa bomba zima. Raba iingie kavu, konekta iingizwe ikiwa imelowa, mpira ufungwe kwa pete yake. Mwisho wa mpira ukunjwe mara mbili na kuvishwa kipande cha mpira huohuo cha sentimita 5. Ni kizibo kizuri kuliko vya dukani na unakifungua kwa sekunde kila unaposafisha.

Matundu yaangalie juu. Mchanga hutuama upande wa chini wa mpira, na maji yanapokatika mpira huvuta hewa. Tundu likiwa limelala kwenye tope huvuta tope.

Mistari ilale sawa kwa usawa wa ardhi au ishuke kidogo tu. Kwa mita 2 za shinikizo, mteremko wa nusu mita kwenye mstari ni robo ya nguvu yako yote. Ndiyo sababu mita 15 ni urefu mzuri na mita 30 ni tamaa.

Pima kabla ya kupanda. Kata chupa za maji za nusu lita, zika chini ya matundu mwanzoni, katikati na mwishoni mwa mistari mitatu, fungua dakika 15. Kwenye mfano wetu unatarajia mililita 175 hivi. Ukiona mwisho wa mstari unatoa 120, usiendelee: ama mstari ni mrefu mno, ama bomba kuu ni jembamba, ama kuna mkunjo.

Udongo nao huamua nafasi ya matundu. Kwenye kichanga maji huzama wima, doa la chini ya tundu likiwa na upana wa sentimita 30 hivi, kwa hiyo tafuta mipira ya matundu kila sentimita 20, na ugawe maji ya siku mara mbili, asubuhi na saa tisa alasiri. Udongo mweusi wa mbuga hutanua doa hadi sentimita 60 na zaidi. Huko matundu ya sentimita 40 yanatosha, na unaweza kuruka siku moja. Ila mbuga ikiachwa ikapasuka, maji ya matone huteremkia kwenye nyufa na kupotea. Matandazo huko ni ya lazima.

Kiasi kwa nyanya ya nafasi ile ya mita 1 kwa sentimita 30: mche mchanga lita moja kwa siku, chini ya matandazo robo tatu ya lita, maua yakianza, lita 1.5, matunda yakijaa, lita 2.3, mavuno yakielekea mwisho, rudi 1.5. Hizi ni namba za kuanzia. Uamuzi uko chini ya matandazo: chimba sentimita 15 pembeni ya tundu asubuhi kabla ya kufungua, finyanga udongo kiganjani. Ukishikana na ukavunjika ukiubonyeza, ni sawa. Ukimiminika kama unga, ongeza. Ukitoa maji au kunata kama unga wa maandazi, punguza. Matandazo huficha yote mawili, ukame na kufurika, kwa hiyo asiyechimba hajui analofanya.

Kukatika-katika kwa maji ni kubaya kuliko uchache wa maji. Nyanya iliyokauka siku mbili kisha ikafurikishwa hupasuka, na kitako cha tunda hugeuka cheusi na kuoza. Huko kuoza kitako hakuna mdudu ndani yake: ni kalsiamu iliyoshindwa kusafiri na maji kufika kwenye tunda. Kupulizia dawa ya kuvu hakusaidii. Ukitabiri kwamba maji ya kijiji hukatika siku mbili kwa wiki, panda nusu ya eneo na uweke akiba ya tanki la pili.

Kinachoziba matundu

Matundu huzibwa na vitu vitatu, na kila kimoja kina dawa yake. Mchanga na tope: chujio lisafishwe kila siku mbili tatu, na kila wiki fungua ncha za mistari miwili miwili maji yatoke hadi yawe meupe. Usifungue zote kwa pamoja, nguvu itagawanyika na tope halitasogea. Mwani: hutokana na mwanga, na matanki meupe ya fremu ya chuma ndiyo chanzo. Lipake rangi nyeusi au ulifunike. Ukishapata mwani, klorini ya kufulia ya asilimia 3.5, mililita 300 kwenye lita 1000, inatoa miligramu 10 kwa lita. Jaza mistari, iache saa moja, kisha suuza kwa kufungua ncha.

La tatu ni magadi na chokaa kwenye maji ya visima virefu, ambayo huacha ukoko mweupe kwenye tundu. Loweka mipira usiku kucha kwenye siki au unga wa asidi ya sitriki ulioyeyushwa. Asidi na klorini zisikutane kamwe, si kwenye tanki wala kwenye ndoo. Mchanganyiko wake hutoa gesi inayoua.

Mbolea huziba kuliko tope. Urea huyeyuka yote na inapita. CAN ina chokaa isiyoyeyuka, na DAP ikikutana na maji magumu hutengeneza chembe za fosfati zinazoganda tunduni. Hizo mbili ziweke kwa mkono, kiasi cha kizibo cha soda kwa mmea, umbali wa sentimita 10 kutoka shinani, chini ya matandazo karibu na doa la maji. Chai ya samadi isipite kwenye mipira hata ukichuja kwa kitambaa.

Jembe la palizi na panya ni maadui wawili waliobaki. Panya hutoboa mpira mkavu akitafuta maji. Kumwagilia kila siku, na kuweka kopo la maji pembeni mwa bustani, hupunguza. Mpira ukikatika, kiungio cha milimita 16 kinatosha, kwa hiyo nunua kumi siku ileile unaponunua mipira. Na kwa kuwa matandazo hufunika uvujaji, weka alama ya usawa wa maji kwenye tanki: kama kwa saa moja limeshuka zaidi ya lita 280, kuna mahali panavuja.

Dripu haioshi majani, na vumbi la Dodoma kwenye majani makavu ni makazi ya utitiri mwekundu. Geuza majani ya chini kila wiki uone madoadoa ya njano na utando mwembamba. Kantangaze, kiwavi anayechimba majani na matunda ya nyanya, yeye huingia ardhini kuwa buu bwete, na matandazo ya nyasi hayamzuii. Majani yaliyochimbwachimbwa na matunda yaliyotobolewa yaondolewe, yasiachwe juu ya matandazo.

Asiye na mipira

Vyungu vya udongo visivyopakwa rangi ndani wala nje vinafanya kazi nzuri sana, na ninashangaa havitumiki zaidi. Chungu cha lita 5 hadi 10 huzikwa hadi shingoni, hujazwa, hufunikwa na kigae. Udongo ukikauka huvuta maji kupitia ukuta wa chungu. Ukilowa, huacha kuvuta. Panda mimea minne ya tikiti, maboga au matango kuzunguka, sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye ukuta. Jaribu chungu kabla ya kuzika: kijaze, subiri, baada ya saa chache ukuta wa nje uwe umelowa jasho, usitiririke. Kisichotoa jasho kabisa kimechomwa moto mkali mno au kimesuguliwa sana, kikapikie mboga. Udhaifu wake ni chumvi: maji ya kisima chenye chumvi huziba vitundu vya ukuta ndani ya msimu mmoja au miwili.

Chumvi na mvua za kwanza

Maji mengi ya visima vya kanda ya kati yana chumvi, na dripu haiiondoi. Mmea hunywa maji na kuacha chumvi, nayo husukumwa hadi pembeni mwa doa la maji, ambako utaiona kama pete nyeupe. Pima maji ya kisima kwa kipima chumvi kabla ya kuchagua mboga. Vizingiti vya chumvi ya udongo, kwa desisimensi kwa mita, ni 1.0 kwa maharage na karoti, 1.2 kwa vitunguu, 1.5 kwa hoho, 1.8 kwa kabichi na 2.5 kwa nyanya. Kunde hufikia 4.9. Maji yenyewe yawe chini ya hapo, kwa kuwa udongo huyakoleza: kwa nyanya 1.7 ndicho kikomo cha kutopoteza mavuno. Anayelazimisha karoti kwenye maji ya 2 anapoteza mbegu.

Mvua ya kwanza ya Novemba au Desemba inaponyesha milimita 5 au 10, usifunge koki. Mvua ndogo huichukua ile pete ya chumvi iliyokusanyika miezi mitano na kuirudisha kwenye mizizi, na nyanya zilizovumilia kiangazi kizima hunyauka siku mbili baada ya mvua. Dripu iendelee wakati mvua inanyesha na siku inayofuata, chumvi isukumwe nje, hadi zipite mvua mbili tatu kubwa zenye kushuka chini kabisa. Hapo ndipo ufungue ncha, usuuze mistari, uikunje kwa duara pana bila kuivunja, na uitundike juu kwenye dari ya ghala, mbali na panya na jua.